Mabomba ya Nyumba na Fundi Bomba Katika Baridi ya Minneapolis na St. Paul: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tuliohamia Minnesota tumekulia kwenye nyumba zenye tangi juu au simtangi uani, na mabomba yaliyopita wazi kwenye ukuta wa nje, yakipigwa na jua. Huku hakuna tangi. Maji hutoka bomba kuu la mtaa yakiwa na presha usiku na mchana, na kinachoyazuia yasigande ndani ya ukuta ni joto la nyumba peke yake. Ukishalielewa hilo, majibu mengi ya hapa chini utaweza kuyakisia mwenyewe. Ni maswali ambayo watu wa Minneapolis, St. Paul, Brooklyn Park na vitongoji vya jirani huulizana kila baridi inapoingia, wapangaji na waliokwisha kununua nyumba pia.

Nimehamia nyumba mpya. Nianze na nini?

Itafute koki kuu ya maji kabla hujafungua maboksi. Katika nyumba nyingi za hapa iko besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, kwenye ukuta unaotazama barabara. Bomba huchomoza sakafuni au ukutani, likapita kwenye koki, kisha mita, na mara nyingi koki ya pili. Koki ya zamani ina kigurudumu: zungusha kulia mpaka ikaze. Ya kisasa ina mpini: ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikatiza bomba maji yamefungwa.

Ijaribu mchana wa siku ya kazi, wakati mafundi wanapatikana. Koki iliyokaa miaka mingi bila kuguswa inaweza kukataa kugeuka, au ikaanza kuvuja baada ya kulazimishwa. Ikikaza, usiigongee nyundo. Mwite fundi aibadilishe. Kisha waonyeshe watu wote wa nyumbani, hata watoto wakubwa, kwa sababu mara nyingi wao ndio waliopo wazazi wakiwa zamu ya usiku.

Kwenye apatimenti huenda usiwe na koki kuu yako. Basi zijue koki ndogo zilizo chini ya sinki na nyuma ya choo, na uwe na namba ya simu ya dharura ya jengo, ile inayopokelewa saa nane usiku.

Bomba linagandaje wakati ndani nina joto?

Joto la sebuleni halifiki kila mahali. Bomba la sinki la jikoni likipita kwenye ukuta wa nje, na milango ya kabati imefungwa siku nzima, humo ndani kuna hali yake ya hewa tofauti na ya sebuleni. Sehemu nyingine za hatari ni pale sakafu ya chini inapokutana na ukuta wa besimenti, chumba kilichojengwa juu ya gereji, na dari lisilo na kinga ya joto. Wanaofuatilia mambo haya huanza kuhadhari joto la nje likishuka hadi nyuzi 20 za Farenihaiti, yaani -7 za Selsiasi. Usiku wa kawaida wa Januari hapa unashuka chini ya hapo. Upepo nao, ukipata ufa, huharakisha mambo.

Wengi hudhani barafu ndiyo inayolipasua bomba pale pale ilipo. Kweli maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, lakini mara nyingi bomba hupasukia mbele kidogo, kati ya barafu na koki iliyofungwa. Barafu inavyokua huyasukuma maji yaliyonaswa hapo katikati, nayo hayana pa kwenda, presha inapanda mpaka bomba linaachia. Ndiyo maana kuacha koki ikitiririka kunasaidia hata kama tone lenyewe halitoshi kuzuia barafu: presha imepata njia ya kutokea.

Wametangaza baridi kali leo usiku. Nifanye nini?

Fungua milango ya kabati chini ya masinki yaliyo ukuta wa nje (ondoa kwanza sabuni na dawa za kusafishia kama una watoto wadogo). Acha koki iliyo mbali zaidi na mita itiririke uzi mwembamba, maji ya baridi na ya moto yote. Funga mlango wa gereji. Usiteremshe themostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba, usiku huo kwa nia ya kuokoa gesi. Zikifika siku kama ya tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis iliposhuka hadi -28 za Farenihaiti, ambayo ni -33 za Selsiasi, bili ya gesi itapanda, na ni afadhali ipande.

Anayeogopa bili ya maji asubiri aone bili ya kubomoa ukuta.

Ninakwenda nyumbani Desemba kwa wiki kadhaa. Nizime joto?

Hapana. Hili ndilo kosa linalogharimu watu wengi, na linatokana na hesabu inayoonekana nzuri: nyumba haina mtu, ya nini kuipasha joto? Acha themostati isishuke chini ya nyuzi 55 za Farenihaiti, takribani 13 za Selsiasi. Kisha funga koki kuu, fungua koki ya juu kabisa na ya chini kabisa mpaka maji yaishe, na uvute choo kimoja kimoja. Hata joto likikatika ukiwa Kisumu au Bukavu, kitakachoganda kitakuwa kidogo.

Tahadhari moja. Kama nyumba inapashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye redieta, mashine hiyo huenda inategemea maji ya bomba kujijazia. Muulize fundi kabla ya kuifungia. Na mwachie ufunguo mtu wa karibu apite kila baada ya siku mbili tatu. Baadhi ya kampuni za bima huuliza swali hilo hasa: nani alikuwa anaiangalia nyumba, na je, joto lilikuwa limewashwa?

Nimeamka, koki moja haitoi maji kabisa. Zingine ziko sawa.

Pengine bomba la koki hiyo limeganda lakini halijapasuka, au limepasuka na barafu ndiyo imeziba tundu. Acha koki wazi. Mtu mmoja asimame karibu na koki kuu, tayari kufunga. Pasha sehemu iliyoganda kwa mashine ya kukaushia nywele, taulo zilizolowekwa maji ya moto, au hita ndogo ya umeme iliyokaa mbali na vitu vinavyoshika moto. Anzia upande wa koki urudi nyuma kuelekea kwenye barafu, ili maji yanayoyeyuka yapate mlango wa kutokea.

Usitumie moto wa gesi, jiko la mkaa wala mshumaa. Kuta za nyumba hizi ni mbao, na kila msimu wa baridi wazimamoto wa Marekani huitwa kwenye nyumba zilizoungua kwa sababu mtu alikuwa anayeyusha bomba. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa linaua hata bila kuunguza kitu.

Kama bomba liko ndani ya ukuta na hulifikii, piga simu.

Maji yanamwagika kutoka darini! Haraka!

Funga koki kuu. Fungua koki za chini ili maji yaliyobaki kwenye mabomba yatokee huko. Maji yakiwa karibu na taa au soketi, kata umeme wa eneo hilo kwenye boksi la fyuzi, ila usilikaribie boksi lenyewe kama umesimama kwenye maji. Zima hita ya maji. Halafu piga picha na video kabla hujasafisha chochote, ndipo umpigie fundi, kisha bima.

Dari likitengeneza tumbo la maji, weka ndoo chini yake ulitoboe tundu dogo katikati. Likiachwa litaanguka lote.

Mbona maji yameganda Machi wakati theluji inayeyuka?

Swali zuri, na linachanganya hata wenyeji. Baridi husafiri polepole sana kwenye udongo. Hewa inapoanza kupata joto mwishoni mwa Februari, ile baridi ya Januari bado inateremka ardhini. Msingi wa nyumba maeneo ya Miji Pacha, yaani Minneapolis na St. Paul, hutakiwa uchimbwe angalau inchi 42 kwa sababu hiyo, na mabomba ya maji ya mtaa hulazwa chini zaidi, futi 7 au 8. Katika mwaka wa baridi ndefu isiyo na theluji nyingi ya kuifunika ardhi kama blanketi, ugandaji hufika mbali. Msimu wa 2013 hadi 2014 ulikuwa hivyo, na nyumba nyingi zilikosa maji kwa sababu bomba linalotoka mtaani liliganda chini ya barabara.

Dalili yake ni kwamba koki zote zimekauka kwa pamoja na jirani ana maji. Piga simu idara ya maji ya mji wako kwanza, wakueleze kama tatizo ni la mtaa au la bomba lako. Likiwa lako, mafundi hupitisha mpira mwembamba wa maji ya moto ndani ya bomba mpaka kwenye barafu. Zamani walifunga mashine ya kuchomelea vyuma wakapitisha umeme kwenye bomba la chuma. Mtu akija na mashine hiyo leo, mkatalie. Umeme huo umewahi kuunguza nyumba.

Ukishayeyushiwa, acha koki moja itiririke mpaka mji useme inatosha. Wakati mwingine huwa ni Aprili.

Koki ya nje ya bustani inahitaji nini?

Kuondolewa mpira wa kumwagilia. Ni hilo tu, nalo husahaulika kila mwaka. Koki nyingi za nje hapa zimetengenezwa ili mahali maji yanapofungiwa pawe ndani ya nyumba, kwenye joto, na bomba la mbele lijikaushe lenyewe. Mpira ukibaki umefungwa, maji hayatoki, yanaganda humo. Huoni kitu mpaka Mei, unafungua maji umwagilie sukuma wiki, besimenti inajaa. Koki za zamani zisizo na mpango huo zina koki ndogo ndani: funga hiyo Oktoba, kisha fungua ya nje iachie maji.

Hita ya maji inahitaji kuangaliwa?

Inahitaji, ingawa hakuna anayeiangalia. Hita ya tangi huishi takribani miaka 8 hadi 12. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa kwenye lebo au imefichwa kwenye namba yake, na fundi anaweza kukusomea. Mara moja kwa mwaka toa ndoo kadhaa kupitia koki ya chini ili mchanga na chokaa vitoke. Mlio kama wa mahindi yanayokaangwa ni chokaa iliyojilundika. Maji ya Minneapolis na St. Paul hupunguzwa ugumu, yaani chokaa iliyomo, kwenye mitambo ya mji, lakini vitongoji vingi hutumia maji ya visima yaliyo magumu, na huko hita na koki huchakaa haraka bila mashine ya chumvi ya kulainisha maji.

Weka joto nyuzi 120 za Farenihaiti, yaani 49 za Selsiasi. Likizidi sana mtoto anaungua ndani ya sekunde chache. Valvu ya usalama iliyo juu au ubavuni, yenye bomba linaloelekea sakafuni, isizibwe kamwe, hata kama inadondosha. Kudondosha ni taarifa; mwite fundi.

Hita na mashine za joto za kisasa hutolea moshi kwenye mabomba meupe ya plastiki ubavuni mwa nyumba. Theluji ikirundikana ikayaziba, mashine hujizima, au gesi yenye sumu hurudi ndani. Koleo lako la theluji lipite hapo kabla ya kwenda kwenye gari. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksaidi ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, na unapoihitaji zaidi ni Januari.

Kwa nini sinki la jikoni linaziba kila mara?

Tuseme ukweli: ni mapishi yetu. Mafuta ya kukaangia sambusa na maandazi, samli, mchuzi wa nyama ya mbuzi. Ukiyamwaga yakiwa ya moto yanateremka vizuri, yanafika kwenye bomba baridi la besimenti, yanaganda ukutani mwa bomba. Ugali unaobaki kwenye sufuria huvimba na kushikamana kama gundi. Majani ya chai hayaozi upesi. Mashine ya kusagia mabaki iliyo chini ya sinki imewapa watu moyo wa kumwaga kila kitu, ilhali yenyewe inakatakata tu, haiondoi mafuta.

Mafuta yakipoa, yamimine kwenye kopo tupu uyatupe na takataka. Loweka sufuria ya ugali, kwangua kwenye pipa, ndipo uoshe. Chuja chai kwenye chujio la waya. Na zile tishu zenye unyevu zilizoandikwa kwamba zinaweza kupita chooni hazipiti, usiamini pakiti.

Dawa kali za kuzibulia zitumie kwa uchache. Zinakula mabomba ya zamani, na zisipofanya kazi, fundi anakuta sinki limejaa tindikali au magadi makali. Mwambie kabla hajaingiza mkono.

Tunatumia maji chooni. Kuna shida kufunga kimpira cha kujisafishia?

Hakuna shida, na madukani kipo. Ila yajue mambo mawili. Kwanza, bafu za hapa hazina tundu la maji sakafuni. Kule kwetu maji yakimwagika yanaenda zake. Huku yanapenya pembeni mwa choo, yanaozesha mbao, na mwisho yanaonekana kwenye dari la chumba cha chini. Maji ya kopo au ya kimpira yaishie chooni au ndani ya beseni la kuogea. Pili, ukimaliza funga koki ndogo ya kwenye kiungio, usitegemee kitufe cha mkononi peke yake. Mpira ulioachwa na presha saa zote utakuja kupasuka siku ambayo hakuna mtu nyumbani. Ukiwa mpangaji, muulize mwenye nyumba kwanza na uhifadhi kiungio cha zamani.

Choo kinagugumia na bafu linanuka wakati wa baridi tu.

Angalia juu ya paa, ukiwa chini. Kuna bomba linalopumulia mfumo wa maji taka. Hewa yake yenye unyevu huganda mdomoni mwa bomba, barafu inakua mpaka tundu linazibwa. Mfumo ukikosa pumzi, maji hushuka kwa taabu na kufyonza maji yale yanayozuia harufu chini ya sinki. Siku mbili za joto kidogo mara nyingi hulimaliza. Usipande paa lenye barafu. Hakuna harufu inayostahili kuvunja mguu.

Pampu ya shimo la besimenti ni kazi ya fundi bomba?

Ndiyo. Ni ile inayosukuma nje maji ya ardhini yanayojikusanya shimoni chini ya nyumba. Ijaribu mwezi Machi kabla theluji haijayeyuka: mimina ndoo ya maji shimoni uone kama inawaka. Bomba lake la nje lisiwe limeganda, na maji yake hayaruhusiwi kuingizwa kwenye bomba la maji taka.

Nasikia nyumba za zamani zina mabomba ya madini ya risasi (lead). Nitajuaje?

Nenda pale bomba linapoingia besimenti kabla ya mita. Kwangua kidogo kwa sarafu. Likiwa laini, likang'aa rangi ya fedha, na sumaku haishiki, hilo ni la risasi. Sumaku ikishika, ni chuma. Rangi ya sarafu ya shaba, ni shaba. Ziangalie hasa nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1930. Madini haya huharibu ubongo wa mtoto polepole bila kubadili ladha wala rangi ya maji.

Habari njema ni kwamba mwaka 2023 Bunge la Minnesota lilitenga dola milioni 240 za kubadilisha mabomba hayo. Kwa hiyo usikimbilie kumlipa mtu mfukoni mwako kabla ya kuuliza idara ya maji ya mji wako kuhusu mpango wao na foleni ikoje. Wakati unasubiri, tumia maji ya baridi tu kwa kupikia na maziwa ya mtoto, acha yatiririke kwanza asubuhi, na nunua chujio lililothibitishwa kuondoa risasi. Kuchemsha hakuondoi.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba hajali. Nina haki gani?

Haki unazo, na zina meno. Tangu mwaka 2024 sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenihaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili. Maji, mabomba na choo kinachofanya kazi ni wajibu wake vilevile.

Peleka malalamiko kwa maandishi kila mara, hata ujumbe wa simu, ukiweka tarehe na picha. Minneapolis piga 311 ili mkaguzi aje. Ukikosa maji, maji ya moto au joto, unaweza kupeleka ombi la dharura mahakamani, baada ya kumpa mwenye nyumba taarifa ya angalau saa 24. Mahakama hutoa mkalimani bila malipo. Taja Kiswahili unapofungua shauri. Shirika la HOME Line huwapa wapangaji wa Minnesota ushauri wa sheria bure. Mwenye nyumba haruhusiwi kukufukuza kwa kulipiza kisasi kwa sababu umelalamika.

Usiache tu kulipa kodi kwa hasira. Kuna njia ya kuiweka kodi mikononi mwa mahakama. Ukiizuia mwenyewe kienyeji, kesi itageuka iwe yako.

Nampataje fundi bomba wa kuaminika?

Kabla ya jina kuna leseni. Minnesota, mafundi bomba hupewa leseni na Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, na kwenye tovuti yake mtu yeyote anaweza kuandika jina au namba akaona kama leseni iko hai. Yako madaraja: mwanafunzi aliyesajiliwa, fundi kamili, fundi mkuu. Kampuni nayo huwa na leseni yake ya ukandarasi, dhamana na bima. Uliza namba ya leseni kwenye simu. Fundi halali huitaja bila kusita.

Baada ya hapo ndipo uulize watu: kanisani, msikitini, kwenye kundi la WhatsApp la kata. Ila uliza vizuri. "Ni mzuri?" ni swali bovu. Uliza alifanya kazi gani, bei ya mwisho ilifanana na ya kwanza, na alirudi pale kitu kilipoanza kuvuja tena? Mtafute Septemba, ukiwa na kazi ndogo ya kumjaribia. Usiku wa baridi kali mafundi huanza na wateja wao wa zamani.

Shemeji yangu alikuwa fundi hodari Nairobi. Si atanifanyia kwa bei ya undugu?

Uhodari wake hauna ubishi. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za mabomba hapa zinahitaji kibali cha mji na ukaguzi, na sheria inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kufanya kazi katika nyumba yake mwenyewe, si shemeji yake kulipwa bila leseni. Ikivuja, bima inaweza kuuliza nani aliifanya. Ukiuza nyumba, mkaguzi ataona hita iliyofungwa bila kibali. Na undugu wenyewe utaingia doa, maana utashindwa kumdai.

Kubadilisha koki, kifuniko cha choo au bomba la kuogea, mwache aje, mle pamoja. Hita ya gesi, bomba la taka na chochote ndani ya ukuta, hapana.

Niulize nini kwenye simu kuhusu bei?

Je, kuna ada ya kuja tu, na inakatwa kwenye kazi nikikubali? Mnatoza kwa saa au kwa kazi nzima? Usiku na wikendi bei inapandaje? Kibali nani atakichukua? Kibali chochote kichukuliwe na kampuni. Fundi akikuomba uchukue wewe kwa jina lako, jiulize kwa nini. Kwa kazi kubwa pata makadirio ya maandishi kutoka kwa watu zaidi ya mmoja.

Kupatana bei kama tulivyozoea sokoni hakukubaliki sana, lakini "kuna njia ya bei nafuu zaidi ya kulitatua hili?" ni swali la heshima, na mara nyingi ipo.

Alikuja kuzibua, sasa anasema bomba lote la taka hadi barabarani libadilishwe.

Pole, na tulia. Inaweza kuwa kweli: nyumba za zamani zina mabomba ya udongo wa kuchoma, na mizizi ya miti hupenya kwenye viungio. Minneapolis bomba hilo ni mali ya mwenye nyumba mpaka linapounganishwa na la mji, hata kipande kilicho chini ya barabara, kwa hiyo gharama ni yako. Lakini pia ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote katika biashara hii, na wapo wanaotangaza kamera ya bei ya chee ili wapate pa kuingilia.

Omba video ya kamera, uipate mkononi, yenye alama ya umbali. Mwonyeshe fundi wa kampuni nyingine. Mizizi peke yake huweza kukatwa kila mwaka kwa miaka mingi. Bomba lililobomoka au lililokaa mkunjo ni habari nyingine. Anayekwambia bei hiyo ni ya leo tu, mfungulie mlango aende. Kama muuzaji alikujia nyumbani bila kuitwa na ukasaini, kwa kawaida una siku tatu za kazi za kuuvunja mkataba, ingawa matengenezo ya dharura uliyoyaita mwenyewe huwa na masharti yake.

Na hakuna wa kuchimba kabla ya kupiga 811 ili nyaya na mabomba ya gesi yawekewe alama. Huduma hiyo ni bure.

Malipo nilipe vipi?

Usilipe yote mwanzoni. Lipa kwa hundi au kadi, uchukue risiti yenye maelezo. Jambo moja wageni wengi hawalijui: Minnesota, fundi au hata duka lililouza vifaa lisipolipwa, linaweza kuandikisha dai juu ya nyumba yako ndani ya siku 120 baada ya kazi ya mwisho, hata kama wewe ulimlipa mkandarasi. Kwa kazi kubwa dai karatasi iliyosainiwa na kila mhusika kwamba amelipwa na ameachilia madai yake.

Bima italipa bomba likipasuka?

Maji yaliyomwagika ghafla mara nyingi hulipwa. Bomba lenyewe lililochakaa, kuvuja kwa miezi, na nyumba iliyoachwa bila joto, mara nyingi hapana. Maji taka kurudi juu kupitia tundu la besimenti kwa kawaida huhitaji nyongeza maalumu kwenye bima, na inafaa kuinunua. Mpangaji naye awe na bima yake. Ya mwenye nyumba hailipi kochi lako.

Je, mimi mwenyewe naweza kujifunza ufundi huu hapa?

Unaweza, na mafundi wanahitajika. Unaanza kama mwanafunzi aliyesajiliwa na Idara ya Kazi na Viwanda, unafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni huku ukilipwa na kuhudhuria darasa, na kwa kawaida ni miaka minne au mitano kabla ya mtihani wa fundi kamili. Chama cha mafundi bomba tawi la 15 Minneapolis na tawi la 34 St. Paul vina shule zao za mafunzo; kampuni zisizo za chama nazo huchukua wanafunzi. Uzoefu wa nyumbani utakusaidia mikononi zaidi kuliko kwenye makaratasi. Waulize mapema ni saa zipi za kazi za nje ya nchi wanazozitambua na ushahidi gani wanautaka, kisha umwandikie mwajiri wako wa zamani akiwa bado anakukumbuka.